Maji Yasiyotiwa Dawa

"Shoga, samaki wamejaa ziwa zima. Hao wenu wanaumwa nini mpaka wawekewe umeme?"

Ndivyo Shadya, jirani yake wa Buzebazeba, alivyomuuliza Kuruthumu siku moja walipokuwa wakianika dagaa, na wanawake wenzao wakacheka mpaka mmoja akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kuruthumu alicheka nao. Angewaeleza nini? Kwamba tangu afiwe na mume anakula kwa kuwalea samaki wasioliwa?

Bwana Faridi, mzaliwa wa Ujiji aliyewahi kufanya kazi Tanga, alikuwa na banda la mabati karibu na maji, na ndani yake matangi kumi na manne ya kioo. Samaki wake walikuwa wale wadogo wanaoishi kwenye mawe, wenye mistari ya njano na buluu kama vitambaa vya sikukuu. Wazamiaji waliwatoa kwenye miamba ya kusini, wakaletwa bandani watulie, kisha wakafungwa kwenye mifuko iliyojazwa hewa na kupelekwa Ulaya, wakatazamwe sebuleni. Bwana Faridi alipenda kusema kwamba hii ni kazi nyepesi. Kazi ni ile aliyoiona Tanga, kwa mzungu aliyefuga matumbawe hai ndani ya kioo. Huko chumvi ilipimwa kila asubuhi kama dawa ya mtoto mchanga, taa kali zikawaka juu ya maji mchana kutwa, mashine tatu zikafanya kazi ya mawimbi. Siku moja mashine moja ilikwama, na kabla mzungu hajarudi safarini matumbawe yote yalikuwa yamegeuka meupe kama mifupa. Kuruthumu aliposikia hayo alisema subhanallah, akawaza jinsi Mola anavyoliendesha ziwa zima bila jenereta.

Kwake hata hii nyepesi ilikuwa nzito. Akishaswali alfajiri alikuwa njiani. Kwanza asikilize kama pampu ya hewa inanguruma. Kisha apite tangi moja moja akiangalia mapovu, maana mpira wa hewa ukiziba, samaki wa tangi hilo hawafiki adhuhuri. Anyonye uchafu wa chini kwa mpira, mdomo ukijaa maji yenye ladha ya matope. Aoshe sponji za kuchujia, tena azioshe kwa maji yaleyale ya tangi, maana Bwana Faridi alimfundisha kwamba ndani ya sponji mna uhai usioonekana unaokula uchafu wa samaki. Maji mapya yalichotwa mbali na mitumbwi, kwenye mawe, yakalala siku mbili ndani ya mapipa matatu yatulie, ndipo kila tangi lipate ndoo moja. Alikuwa hatulii. Hata kwenye sijda sikio lake lilikuwa likiutafuta ule mngurumo, na akishatoa salamu anaomba msamaha.

Mwaka ule boti za waliokimbia machafuko zilikuwa zikija kila siku kutoka Burundi, nyingine zimejaa watu mpaka maji yanagusa ukingo. Katika mojawapo, iliyopitia Kagunga, kijiji cha mpakani, aliteremka Skolastika akiwa na kitenge alichovaa na sufuria isiyo na kifuniko. Mumewe, Nikodemu, alimsukuma apande boti ya kwanza, akasema yeye atafuata na inayofuata. Huo ulikuwa mwezi wa nne. Kuruthumu alimkuta amekaa kwenye mawe anakochota maji, akamsalimu kwa Kiha, naye akaitika kwa Kirundi, wakaelewana. Akamchukua nyumbani. Tangu hapo walichota pamoja, na kila boti ikionekana Skolastika hutua dumu na kukimbilia ufukweni, akarudi polepole.

Kisha gari lenye kipaza sauti likapita mitaani. Wageni wote wanaoishi majumbani mwa watu wajiandikishe ofisi ya kata, wapelekwe kambini. Skolastika alikaa sakafuni siku nzima asile.

"Mama, Nikodemu akija atanitafuta majini," alisema. "Hatanitafuta porini."

Kuruthumu akamwambia: nimekupokea kwa ajili ya Mungu, utangoja hapa. Bwana Faridi naye, alipoombwa amwache mgeni asaidie kazi bandani, alitazama pembeni akasema kwamba yeye hajamwona mtu yeyote, na ataendelea kutomwona madhali hakuna matatizo. Kuruthumu alilishika neno hilo, lakini kuanzia siku hiyo kila gari lililopunguza mwendo nje lilimkata pumzi.

Kipindupindu kilipoingia, watu wa afya walikuja ufukweni na ndoo za dawa ya maji. Waliwakusanya wageni na wenyeji wakawafundisha: kifuniko kimoja kwa dumu moja, na asipewe mtu maji yasiyotiwa dawa. Skolastika alikuwa ameona watu wakifa kwa ugonjwa huo pale Kagunga, wamelala mchangani, wengine bado wameshika vikombe. Alirudi na chupa ya dawa aliyogawiwa, ameifunga kwenye pindo la kitenge. Maji ya kunywa ya Kuruthumu akawa anayatia yeye, kwa kipimo, hana mchezo.

Siku ya Jumatano Kuruthumu aliitwa kijijini Simbo kwenye mazishi ya mjomba wake. Tangi kubwa lilikuwa na samaki arobaini wa kuondoka Ijumaa kwa ndege, samaki ambao Bwana Faridi alikuwa amewangojea miezi mitatu. Alimwachia Skolastika ufunguo. Akamwambia kila tangi ndoo moja ya maji ya pipa, kubwa lipewe tatu, na asiguse swichi. Hakumwambia zaidi. Hakuwahi kumweleza kwa nini maji yale hulala siku mbili, wala kwamba dawa ya watu huwaua samaki. Yeye mwenyewe alikuwa akijua kwa muda mrefu mno, akasahau kwamba kuna mtu asiyejua.

Alirudi baada ya alasiri. Kabla hajafika mlangoni pua ilimwambia. Harufu kali, kama ya wodi ya hospitali iliyotoka kupigwa deki.

Ndani, Skolastika alikuwa amesimama mbele ya tangi kubwa, mikono kichwani. Samaki walikuwa juu, vinywa wazi, wanahema. Wengine walishalala ubavu kati ya mawe, rangi zimewatoka.

"Nimeyatia dawa, mama," alisema. "Yalikuwa na ukijani. Niliogopa watakufa."

Hapakuwa na muda wa kukasirika. Kuruthumu alifunga kanga kiunoni, wakakimbia kwenye mawe na ndoo, wakarudi, wakakimbia tena. Kilichokuwa kinahema kilihamishiwa kwenye beseni kubwa la maji mabichi ya ziwa. Matangi madogo, yaliyopata ndoo moja moja tu, wakayapunguza maji na kuyajaza upya. Katikati ya kazi hiyo umeme ukakatika, kama ulivyokuwa ukikatika karibu kila siku, na mngurumo ukanyamaza. Jenereta ilikohoa mara mbili, ikakataa. Basi Kuruthumu akapiga magoti kando ya beseni, akachukua bakuli, akawa anateka maji na kuyamwaga kutoka juu yatoe povu, anateka na kumwaga, huku midomo yake ikimtaja Mungu. Mkono wa kulia ulipochoka akabadilisha. Alihesabu waliokuwa wakisogea. Kumi na moja.

Hivyo ndivyo Bwana Faridi alivyomkuta. Aliingia, akavuta hewa mara moja, akaenda hadi kwenye mapipa, akachovya kidole na kukinusa. Kisha akasimama mbele ya tangi kubwa, akahesabu. Samaki ishirini na tisa walikuwa wanaelea.

"Nani ameyatia klorini?"

Kuruthumu hakuacha kumwaga. Uongo hakuutaka, na ukweli mtupu ulikuwa na gari la kwenda kambini ndani yake.

"Ufunguo ni wangu," alisema. "Mapipa ni amana yangu. Sikueleza kazi, nikaondoka. Kosa ni langu, Bwana Faridi."

"Bi Kuruthumu, sijakuuliza kosa ni la nani. Wewe umefanya kazi hapa miaka sita, huwezi kutia dawa kwenye maji ya samaki hata ukiwa usingizini. Nakuuliza mkono."

Bakuli likapanda, likashuka.

"Mimi naujua wangu tu," alisema, "na ndio uliotoa ufunguo."

"Ni mimi, mzee." Skolastika alikuwa mlangoni na ndoo iliyojaa. Aliitua taratibu, maji yasimwagike. "Niliogopa kipindupindu. Kwa samaki pia."

Bwana Faridi alimtazama, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamwona. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alisema samaki basi, wamekwisha kufa. Lakini mnunuzi atauliza, wakubwa wa idara ya uvuvi watakuja kuuliza, wataandika majina ya wanaofanya kazi hapa, na yeye hawezi kufungwa kwa ajili ya mgeni asiyejiandikisha. Ofisi ya kata ilikuwa bado wazi. Aende sasa hivi kwa miguu yake, kabla hajafuatwa. Bi Kuruthumu abaki na kazi yake, kazi hii hana mwingine wa kumpa.

Skolastika alimwangalia Kuruthumu, si kwa kuomba. Alifungua pindo la kitenge, akaitoa ile chupa ya dawa, akaiweka juu ya pipa ambapo mtu angeiona. "Murakoze, mama," alishukuru. Akashika njia ya kwenda ofisini, njia isiyopita ufukweni.

Kuruthumu aliendelea kuteka na kumwaga. Samaki mmoja alikuwa ameanza kurudisha mstari wake wa njano. Kwenye mlango ulioachwa wazi aliona ziwa, na kwa mbali, upande wa kaskazini, chombo kidogo cheusi ambacho bado hakijulikani ni mtumbwi wa wavuvi au ni boti ya watu. Aliteka tena. Akitua bakuli, kumi na moja hawa hawafiki magharibi. Asipolitua, Skolastika, aliyeambiwa utangoja hapa, atafika ofisini peke yake, na hatakuwapo wa kuwaambia wale wanaoandikisha kwamba huyu ana mwenyeji, ana nyumba, ana mume anayengojewa.

"Bwana Faridi," aliita.

Alikuja, akachuchumaa. Kuruthumu alimshikisha bakuli, akaukamata mkono wake na kuuongoza mara mbili, kuteka chini, kumwaga kutoka juu, mpaka povu likatoka lenyewe.

"Usipumzike," alimwambia. "Hata kidogo."

"Na wewe unakwenda wapi?"

Alikuwa ameshasimama, anajitanda kanga kichwani. Akatoka, akaifuata njia ya kwenda ofisini.