Jiwe Ndani ya Ruta

Kwa miaka thelathini na minne Mzee Mizani aliendesha maisha yake kwa kukagua mizani za watu. Aliingia sokoni na maghalani na begi la ngozi, nyundo ndogo na chapa ya chuma yenye namba 61, na jiwe la mizani lililopungua hata uzito wa sisimizi aliligonga alama ya msalaba, likafutwa kazi palepale. Wafanyabiashara wa zama hizo husema kiganja chake kilikuwa sahihi kuliko mizani yenyewe. Siku moja, wanasema, alinyanyua gunia la mchele la kilo hamsini, akalitua, akamwambia mwenye duka, "Toa pete yako humo." Gunia likamwagwa, pete ikaonekana. Atakayesema hapo pametiwa chumvi na ailete hiyo chumvi ipimwe.

Ndiyo maana, ruta ya intaneti ya nyumbani ilipozimika Jumanne asubuhi, hakuna aliyeona ajabu Mzee Mizani aliposimama na kusema, "Mpya nitaichagua mimi."

Alikuwa na sababu nyingine ya kujitolea, ila hiyo hakuitaja. Ruta ile ilikuwa bapa kama sahani na mgongo wake ulikuwa na joto zuri, na kwa miaka miwili kila asubuhi, alipokuwa akisoma gazeti, alikuwa akitua juu yake kikombe chake cha chai ya maziwa. Chai haikupoa hata siku moja. Jumanne hiyo alifunua ukurasa wa michezo, kiwiko kikasukuma kikombe, kikombe kikalala kifudifudi, na taa zote tano zikafa kwa mpigo. Alifuta haraka kwa soksi. Mkewe alipotoka jikoni alimkuta ametazama dari.

"Umeme," alisema Mzee Mizani. "Umepiga shoti."

"Mbona redio inaimba?" aliuliza Mama Watoto.

"Umeme huchagua."

Binti yao wa mwisho, aliyeitwa Kitinda na nyumba nzima, hakucheka. Alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio na kampuni moja ya bima, akipokea simu za wateja kwa kompyuta, mezani pake chumbani. Majaribio yangeishia Alhamisi. Saa nne asubuhi wasimamizi wawili wangemsikiliza saa nzima akihudumia watu. Laini ikikatika mara mbili, kwaheri. Na sharti la kampuni lilikuwa kompyuta ichomekwe kwa waya kwenye ruta, mambo ya kuunganisha kwa simu ya mkononi hawayataki. Watu wa intaneti walisema wao wangeleta ruta nyingine baada ya wiki mbili. Mwenye haraka ajinunulie.

Kitinda aliandika kwenye karatasi: ipokee waya wa watu wetu wa intaneti, iwe na masafa mawili ya mawimbi, matundu ya waya yasipungue mawili, ije na risiti na dhamana. Chini yake akaandika bajeti, ambayo ilikuwa nusu ya pensheni ya mwezi, na akaipigia mstari.

"Hayo tu, Baba. Usiangalie kingine."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakagua mizani kabla mama yako hajajua kusuka nywele zake."

"Ruta haipimwi kwa mizani."

"Kila kitu hupimwa kwa mizani. Hata maneno."

"Basi yako yapunguze uzito," Mama Watoto alisema kutoka jikoni, "upate kutembea haraka."

Jumatano mchana alikuwa dukani. Muuzaji, mama mmoja aliyechomeka penseli kwenye nywele, alimwonyesha kwanza ruta iliyokuwa dirishani. Mzee Mizani alisoma bei, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Bei haikubadilika.

"Hii inakuja na nyumba yake?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Unaiweka kwenye ya kwako."

Mama wa penseli alimhurumia. Alisoma karatasi ya Kitinda, akaenda nyuma, akarudi na kisanduku kidogo cheupe. "Nyumba yenu vyumba vitatu? Hii inawatosha. Masafa mawili, matundu manne, dhamana mwaka mzima, na bei ni hii hapa mliyoipigia mstari. Zile kubwa unalipia mwendo ambao waya wenu haujawahi kuubeba. Ni kama kufunga bomba pana na maji yenyewe yanadondoka tone tone."

Maneno yalikuwa na akili. Tatizo ni kwamba Mzee Mizani alikwisha kuinyanyua.

"Gramu mia mbili na kumi," alisema.

Mama wa penseli aligeuza sanduku, akasoma ubavuni, akamtazama upya. "Mia mbili na kumi kamili."

"Tupu kabisa. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Hii haivumi, mzee. Na hapa hatuuzi nyanya."

Akamshukuru kwa heshima zote, akavuka barabara.

Upande wa pili palikuwa na bwana mnene wa sauti ya chini, waliyemwita Mpole, aliyepanga bidhaa zake juu ya meza ya kukunja. Mpole hakueleza masafa wala matundu. Alimtazama mzee jinsi alivyokuwa akipimapima chaja kiganjani, kisha akachukua ruta kubwa nyeusi yenye antena nane, akamwekea mkononi, akanyamaza.

Mkono wa Mzee Mizani ulizama kidogo. Moyo wake ukapanda.

"Mia saba na hamsini," alinong'ona.

"Mali hiyo, mzee wangu. Siku hizi wanawauzia plastiki."

"Na risiti?"

"Mimi na wewe wa kuandikiana?"

Bei ilikuwa chini ya bajeti, tena chini hasa. Karatasi ya Kitinda ilibaki mfukoni. Kwa chenji alijinunulia kikombe kipya kikubwa chenye ua jekundu, akakitia kwenye begi lake la ngozi, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

"Hiyo ni ruta au kaa?" aliuliza Mama Watoto.

Kitinda alihesabu antena, akaichomeka kwenye umeme. Waya wa watu wa intaneti uliingia vizuri, taa nane za buluu zikaanza kukonyeza, chumba kikapendeza. Mtandao tu ndio haukuja. Alijaribu na kujaribu, akawapigia watu wa intaneti, wakamwambia kifaa kipya huchukua muda kusajiliwa, asubiri asubuhi. Mzee Mizani alilala usingizi wa mtu aliyenunua chuma.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi Kitinda alitoka chumbani na simu sikioni, uso umemsawijika.

"Wanasema kwao haionekani. Wanasema ni kama waya tumeuacha unaning'inia hewani." Akavuta droo, akatoa bisibisi.

"Ukiifungua utapoteza dhamana," alisema Mzee Mizani.

"Dhamana gani, Baba?"

Mzee akakaa.

Skrubu zilikuwa nne. Mfuniko ulipotoka, wote watatu waliinama kwa pamoja, vichwa vikagongana, na hakuna aliyesema pole. Antena nane zilikuwa zimebandikwa kwa gundi, hazikuunganishwa na kitu chochote. Kwenye kona kulikuwa na kibao chembamba kisichozidi biskuti, na kazi yake yote duniani ilikuwa kukonyeza taa. Tundu la waya lilikuwa tundu kweli: upande wa ndani mlikuwa na hewa. Na katikati, limezungushiwa utepe mweusi, limelala donge.

Kitinda alibandua utepe. Mzee Mizani alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Lilikuwa jiwe la mizani la nusu kilo. La chuma, bapa, duara. Juu yake palikuwa na alama ya msalaba, na chini ya msalaba, iliyogongwa kwa nyundo ya mtu mwenye mkono mzito, namba 61.

Maji yalichemka jikoni mpaka yakakauka. Mzee alinyoosha mkono, akalinyanyua, na kiganja, ambacho hakijui kunyamaza hata msibani, kikasema kabla yake.

"Mia nne themanini na mbili." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nalijua hili. Ghala la sukari, mwaka wangu wa mwisho kazini. Lilipungua gramu kumi na nane. Nililifuta mimi. Mawe niliyoyafuta yalikuwa yanapelekwa kuyeyushwa."

"Ukistaajabu ya Musa," alianza Mama Watoto, akashindwa kumalizia.

Miaka thelathini na minne alikuwa akiyafuta kazi mawe yanayodanganya watu, na hili moja lilikuwa limezunguka dunia kumtafuta, likamkuta sokoni, likamdanganya yeye. Tena likiwa na upungufu wake uleule. Hata katika utapeli alikuwa amepunjwa gramu kumi na nane.

Kitinda hakumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Alitazama tu saa ya ukutani, ikisogea saa mbili.

"Baba," alisema taratibu. "Saa nne."

Mzee Mizani akainuka. Alivaa kofia yake ya kazi, akachukua begi la ngozi, akatia humo jiwe na kaa mzima wa antena nane, akatoka bila kunywa chai.

Mpole alikuwa ndiyo kwanza anakunjua meza. Mzee hakumsalimu. Aliweka jiwe mbele yake.

"Soma namba."

"Sitini na moja," alisoma Mpole.

Mzee akatoa kitambulisho chake cha ukaguzi. Siku ya kustaafu walikuwa wamekitoboa tundu pembeni, kuonyesha kwamba kimekufa. Kidole gumba kilikuwa kimelala juu ya tundu hilo kana kwamba kimezaliwa hapo. "Na hapa?"

"Sitini na moja." Uso wa Mpole ukageuka rangi ya majivu. "Mkaguzi... mzee wangu, mimi nanunua kwa jumla. Sijawahi kufungua hata moja. Walioniuzia walisema hizi nzito zinakwenda sana, hasa kwa..." Akasita.

"Kwa nani?"

"Kwa wazee."

Mzee Mizani aliimeza hiyo bila maji. Alifungua ruta ya pili kwa bisibisi ya Kitinda, palepale mezani. Jiwe. Ya tatu, jiwe. Zilipofika kumi na moja Mpole alijishika kichwa, akakaa juu ya ndoo.

"Na mimi nyumbani ninayo," alisema. "Mwezi wa tatu huu namtukana jirani kwamba anatuibia mtandao."

Akarudisha pesa bila kuambiwa, na akaapa kuyabeba mawe yote mpaka ofisi ya vipimo siku hiyohiyo. "Vizuri," mzee alimwambia, "nitapita huko kuyahesabu."

Ilikuwa saa tatu na robo. Mama wa penseli alimwona anaingia na hakuuliza kitu. Alitoa kisanduku cheupe, akakiweka kaunta.

"Hutaki kuinyanyua?"

Mzee Mizani alifunga mikono nyuma ya mgongo. "Nisomee karatasi ya binti yangu, mwanangu. Moja moja."

Akamsomea. Yote yalikuwemo. Kilichopungua ni pesa, kwa bei ya kikombe kimoja. Mzee alipekua mifuko, akapekua begi, na chini kabisa akakutana na kikombe chenyewe cha ua jekundu, hata karatasi ya dukani haijakitoka.

"Changu kilivunjika jana," alisema mama wa penseli. "Weka hapo, tumemalizana." Akakichukua, akakitua kwa starehe juu ya ruta ya maonyesho iliyokuwa ikiwaka kando yake.

"Usikiweke hapo," mzee alisema, haraka kuliko alivyokusudia.

Mama yule alimtazama yeye, akatazama kikombe, akatazama ruta. Akakihamisha polepole. "Kumbe," alisema. Na akaandika risiti.

Saa nne kasoro dakika kumi waya ulichomekwa. Taa tatu ndogo za kijani ziliwaka, hazikukonyeza, hazikujionyesha. Kitinda alifunga mlango. Mzee Mizani na mkewe walikaa kwenye korido juu ya stuli mbili wakipumua kwa zamu. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamke msimamizi, wazi kama yuko chumbani: "Tunakusikia vizuri. Endelea." Simu ya kwanza, ya tano, ya tisa. Gramu mia mbili na kumi za plastiki zilizibeba zote bila kudondosha neno.

Saa tano mlango ukafunguliwa.

"Jumatatu naanza kama mwajiriwa," alisema Kitinda. Mama yake akamkumbatia. Mzee alitaka kusema jambo la kukumbukwa, ila macho yake yalikuwa kwenye kitu alichoshika binti yake mkononi.

Ilikuwa ruta ya zamani. Ilikuwa wazi.

"Ulipotoka nilifikiri niifungue, labda itatuokoa," alisema Kitinda. Mgongoni ilikuwa na miduara ya kahawia, mmoja juu ya mwingine, kama pete za kisiki. Ndani kulikuwa na gamba la maziwa yaliyokauka, na kwenye gamba hilo, wametulia wenyewe na mayai yao, sisimizi, ukoo mzima na wajukuu. "Umeme wako, Baba, una sukari."

Mama Watoto aligeuka kumtazama mumewe, taratibu sana. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Mzee Mizani alikuwa hana neno hata la gramu moja.

Mchana huo Kitinda aliipigilia ruta mpya ukutani, juu, imesimama wima, mahali ambapo hata nzi angepata taabu ya kutua. Kesho yake asubuhi Mzee Mizani alifungua gazeti, akaweka kikombe chake cha zamani mezani kama watu wengine. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa michezo, akasikia binti yake akicheka na mtu kwenye simu nyuma ya mlango.

Kisha akanywa. Chai ilikuwa imepoa. Akaimaliza yote.