Simeon wa Lakini

"Mama, sijasema hayuko," Ciku, karani wa usajili, alisema kutoka nyuma ya kioo. "Nimesema mfumo umekataa."

"Umekataa nini? Uambie utoke humo uje umtazame."

Walikuwa wanabishana tangu saa mbili asubuhi na sasa ilikuwa inaelekea saa nne. Waliopiga foleni nyuma ya Awiti walikuwa wameacha kulalamika, wakaketi sakafuni. Simeon, mume wake, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, miguu imevimba hata viatu vimeachwa nyumbani, akipumua kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Figo zake zilikufa mwaka juzi. Tangu hapo alikuwa akisafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa katika hospitali hii ya Thika, ghorofa ya pili, mashine ya nne. Sasa alikuwa amekosa mara tatu. Daktari aliwahi kuwaambia kwamba kukosa mara moja ni hatari. Kuhusu mara tatu hakusema kitu.

Ciku akageuza skrini ili Awiti ajionee. Chini ya jina la Simeon Omondi palikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema amepona. Wa pili ulisema amefariki.

"Bima mpya hailipii aliyepona, na hailipii aliyefariki," Ciku alisema. "Ukichagua mstari mmoja, huo mwingine naweza kukufutia."

Awiti alikuwa na diploma ya ununuzi na ugavi, na kwa miaka kumi na moja alikuwa ameshika stoo ya duka la vifaa vya ujenzi huko Ruiru. "Sikiza, msichana wangu," alisema. "Gunia likiwa kwenye rafu na kompyuta iseme halipo, unasahihisha kompyuta. Hubomoi rafu."

"Ni kweli, mama."

"Basi sahihisha."

"Sina ruhusa ya kusahihisha kitu kilichotoka kwenye redio."

Na kweli kilitoka kwenye redio.

Ilikuwa wiki mbili zilizopita. Bunge lilikuwa linajadili mswada wa kubadilisha bima ya afya, na redio zilikuwa zinatafuta wagonjwa. Asubuhi moja redio mbili zilifika pamoja kwenye chumba cha mashine. Watu wa Kimbo, mtaa wa akina Awiti kule Ruiru, huzijua kwa rangi ya sponji ya kipaza sauti. Ya kijani husema bima mpya inatibu kila mtu. Ya nyekundu husema bima mpya inaua watu. Kwa kuwa nafasi ilikuwa ndogo, watangazaji walikubaliana kumhoji mtu mmoja, na Simeon ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Wakamuuliza habari ya afya. Simeon alilelewa vizuri, akajibu jinsi kila mtu hujibu salamu kabla hajafika kwenye linalomsumbua. Alisema, "Nzuri tu, tunashukuru Mungu, lakini mimi nimekwisha." Kisha akaeleza kwa dakika nane. Alieleza mashine zilizoharibika, siku wanazorudishwa nyumbani, jinsi jina linavyopotea mtu akihamishwa kutoka bima ya zamani kwenda mpya, na nini kingeweza kurekebishwa bila kugombana. Watangazaji walitikisa vichwa. Mmoja alimshika bega.

Jioni hiyo redio ya kijani ilicheza sauti yake ikisema, "Nzuri tu, tunashukuru Mungu." Redio nyekundu ikacheza sauti yake ikisema, "Mimi nimekwisha." Hakuna iliyodanganya, maana zote zilikuwa sauti yake mwenyewe. Zile dakika nane hazikuchezwa. Neno la katikati halikuhitajika na yeyote, likabaki na Simeon.

Kesho yake Awiti alimuuliza kama atakunywa uji. Simeon akasema, "Lakini." Akamuuliza miguu imeamkaje. "Lakini," akasema. Awiti akaelewa kwamba maneno yale mengine yamechukuliwa, akampoozea uji.

Saa tatu hivi Simeon mwingine akaingia kwenye ploti ya nyumba za kupanga walimokaa, shati limepigwa pasi, mashavu yamejaa. Awiti alipomuuliza anataka nini alisema, "Nzuri tu, tunashukuru Mungu." Akamwambia avue viatu, maana alikuwa ametoka kupiga deki. Alikula sahani mbili za ugali na samaki, kiasi ambacho daktari alikuwa amemkataza Simeon wa kwanza, akalala kwenye kochi. Siku zilizofuata gari la redio ya kijani lilikuwa likimpitia kumpeleka mikutanoni.

Wa tatu alikuja magharibi, jua likizama. Huyo alikuwa wa redio nyekundu, naye alikuwa amekufa. Alivaa suti ya harusi yao. Awiti alimtolea kiti cha plastiki nje kwa sababu ndani viti vilikuwa vimekwisha. Hakula, hakunywa. Kila baada ya muda alisema, "Mimi nimekwisha," kwa sauti ya chini, bila kumlaumu mtu. Saa ya kufunga geti ilipofika aliondoka mwenyewe. Dorine, binti yao wa kidato cha tatu, ndiye aliyeanza kuwaita Simeon wa Nzuri Tu, Simeon wa Nimekwisha na Simeon wa Lakini, ili wasichanganyikiwe wakati wa kupakua chakula.

Ploti iligawanyika vizuri bila fujo. Gachau, msimamizi wa nyumba, husikiliza ya kijani. Kila asubuhi alimshika mkono Simeon wa Nzuri Tu.

"Mama Dorine, mzee amenona kweli," alisema siku moja. "Hawa watu wa nyekundu wana wivu tu." Alikuwa ameruka miguu ya Simeon wa Lakini, iliyonyooshwa mlangoni, ili afike kusema hivyo.

Mama Cindy wa duka la maziwa husikiliza nyekundu. Alikuja na wanawake watano, wakaimba mbele ya kile kiti cha plastiki, kisha akamkumbatia Awiti.

"Serikali imekufanya mjane, dadangu."

"Mjane gani, na nimetoka kumwosha mgongo sasa hivi?"

"Huo ni uchungu unaongea," Mama Cindy alisema.

Simeon wa Lakini hakuna aliyemsalimu. Hawakuwa na chuki naye. Kumsalimu kungeleta ubishi, na watu walikuwa wamechoka.

Alipokosa mashine mara ya kwanza, Awiti alienda kwenye redio ya kijani, ofisi zao ziko juu ya benki. Mhariri alimpa chai na akakiri kwamba ndiyo, sauti ilikatwa. Akasema angependa kuirudisha, ila wakisema hajapona kabla Bunge halijapiga kura, upande ule mwingine utafurahi. Awiti akaenda kwenye redio nyekundu. Huko hakukuwa na chai, maneno yalikuwa yale yale. Wakisema hajafa, upande ule mwingine utafurahi. Wote wawili walimpa pole. Alitembea kurudi stendi akihesabu kwamba siku hiyo amepewa pole mara sita, tatu kwa kila upande.

Kulikuwa na kituo cha tatu, cha televisheni, chenye sponji nyeupe. Hicho hujivunia usawa. Mtangazaji wake, Austine, alipiga simu mwenyewe. Awiti aliomba ruhusa kazini, akawapeleka wote watatu, wa Lakini kwenye kiti cha magurudumu.

Austine aliwaketisha Simeon wa Nzuri Tu na Simeon wa Nimekwisha kwenye viti viwili vya bluu, akawapimia dakika kumi kila mmoja kwa saa ya mkononi. Kisha akamwona wa tatu.

"Na huyu yuko upande gani?"

"Huyu ndiye mgonjwa," Awiti alisema.

"Nimekuelewa, mama. Nauliza upande."

Simeon akasema, "Lakini."

"Basi hana upande," Austine alisema, bila dharau. "Tutamweka na watazamaji."

Mjadala ulikuwa wa heshima. Kila mmoja alirudia maneno yake kwa dakika kumi, hakuna aliyemkatiza mwenzake, na Austine akawasifu kwa ukomavu. Mwishoni watu wa nyumbani waliombwa kupiga kura kwa simu. Herufi A ilikuwa ya aliyepona, herufi B ya aliyefariki. Awiti alikaa na simu mkononi mpaka muda ukaisha. Siku hiyo ilikuwa ya mashine pia, ya pili kukosa.

Ndiyo maana leo, baada ya ile ya tatu, alikuwa ameamka alfajiri na kuja kusimama dirishani, na hakuwa na nia ya kuondoka.

"Nimeshakuja hapa na aliyepona," alimwambia Ciku. "Mkamuuliza kama anahitaji mashine."

"Alisema nzuri tu."

"Nikaja na aliyekufa."

"Yeye alikubali kwamba amekwisha. Aliweka hata alama ya kidole." Ciku akavua miwani, akapangusa macho. Alikuwa hajanywa chai. "Mama, mimi nakuamini. Babangu alikuwa hivyo hivyo mwezi uliopita."

"Mlifanya nini?"

Ciku alitazama nyuma yake, akasogea karibu na tundu la kioo. Akasema kwamba ghorofa ya chini, mlango wa wagonjwa wa dharura, kuna fomu ya watu wasiojulikana, wale wanaookotwa barabarani. Hao hawatafutwi kwenye mfumo kwa sababu hawana jina la kutafuta. Wanatibiwa kwanza, na kama ni figo wanawekwa kwenye mashine, muda wote ambao hawajajulikana. Anayemleta aseme tu alikomwokota. Asiwe jamaa. Jamaa akijitokeza jina linarudi, na jina likirudi, mistari miwili inarudi nalo.

"Muda gani?"

"Muda wote, mama. Na usije kumwona. Wanaangalia kamera."

Awiti akamtazama Simeon. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya rangi ya majivu. Alikuwa amelala na mtu huyu kitanda kimoja kwa miaka ishirini na mbili.

Alisukuma kiti hadi kwenye lifti. Lifti ilipofika chini alikuwa ameshatoa kitambulisho na simu kwenye mfuko wa Simeon akavitia kwenye mkoba wake. Alimvua koti la kazi, kwa sababu jina lilikuwa limeshonwa kifuani. Pete ilikataa, kidole kilikuwa kimevimba. Kando ya mlango wa dharura palikuwa na chupa ya dawa ya kusafisha mikono imepigwa msumari ukutani. Awiti aliminya mara nne, akapaka, akazungusha mpaka ikatoka. Simeon alimtazama akifanya hivyo na hakurudisha mkono.

Mezani alikuwa muuguzi aitwaye Njau, kalamu tayari.

"Huyu ni nani?"

"Simjui. Nimemwokota stendi ya Kimbo."

"Lakini," Simeon alisema.

Njau akainua kichwa. "Anasema nini?"

"Hata mimi sijui," Awiti alisema.

Njau akaandika mwanamume, asiyejulikana, miaka hamsini hivi. Alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaona shimo likibaki, akaita watu wawili. Walimkimbiza ndani. Kwenye televisheni ya ukutani wabunge walikuwa bado wanajadili mswada, na mmoja alikuwa anamtaja Simeon Omondi wa Ruiru kama mfano. Mwingine akasimama, naye akamtaja kama mfano.

Baada ya nusu saa Njau alipita akimwambia mwenzake kwamba yule asiyejulikana ameshaunganishwa kwenye mashine. Awiti alikuwa ameketi kwenye benchi. Askari wa mlangoni, Mugo, akamjia.

"Mama, wewe ni jamaa ya mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi utanisamehe. Hapa ni pa jamaa."

Awiti akanyanyuka, koti mkononi, akatoka. Kwenye kivuli cha ukuta, hatua chache kutoka mlangoni, mama mmoja mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee kwenye kiti cha magurudumu, akijaribu kumvua pete kwa mate. Nyuma yake palikuwa na wengine wawili wakisubiri nafasi ile ya kivuli.

"Mate hayatoshi," Awiti alimwambia. "Kuna dawa ya mikono hapo mlangoni, ubavu wa kulia. Minya mara nne."

Kisha akashika njia ya kwenda stendi.