Kisanduku cha Kijani

Asubuhi ile msimamizi aliniambia mbele ya wenzangu, "Mama, kapu likijaa tena kabla ya chakula cha mchana, uende ukapumzike nyumbani moja kwa moja. Mkono umechoka."

Nikapumzike na nani? Nyumbani kuna mimi na kiti cha marehemu mume wangu.

Kazi yangu ni kusimamisha chupa za dawa ya kikohozi kwenye mkanda. Mbele yangu kuna kamera inayokagua lebo. Chupa yenye kasoro husukumwa kapuni. Tangu Jumatatu kapu lilikuwa likifurika, na lawama zikaniangukia mimi: eti nazipanga kombo.

Niliziokota chupa za kapuni, nikazigeuzageuza. Lebo zote nzima. Basi nikakodolea macho skrini. Juu ya picha kuna kisanduku cha kijani, ndimo kamera inamosomea lebo. Mkanda hutikisika, chupa hazifiki zote mahali pamoja. Chupa ikija kushoto kidogo, kisanduku kinabaki palepale: nusu kinasoma lebo, nusu mkanda mtupu.

Hali ile naijua. Mwaka wa tatu huu meza yangu imekaa kwa kufuata kiti kisichokaliwa.

Nikamwita fundi wa kamera. "Fundi, hicho kisanduku umekipima kuanzia wapi?"

"Pembe ya picha, Mama. Kwani unataka kukishonea pazia?"

Wenzangu wakaangua kicheko.

"Chupa haijui pembe ya picha," nikasema. "Kipime kuanzia kwenye kizibo chake. Kizibo kikisogea, nacho kisogee. Kikiinama, nacho kiiname."

Fundi akaacha mzaha. Akabonyeza, akabonyeza tena. "Jumatatu nilibadilisha programu," akasema chinichini. "Nikasahau kukifunga na chupa."

Nikaweka chupa moja kombo makusudi. Kisanduku kikainama nayo kama mtoto mgongoni. Ikapita.

Kufika mchana kapu lilikuwa na chupa mbili tu, zimechanika lebo kweli. Msimamizi alichungulia, akajikohoza. "Haya, Mama, endelea na kazi."

"Kikohozi hicho? Dawa si hii hapa?" nikamjibu, na moyoni nikamshukuru Mungu.

Jioni, baada ya sala, niliivuta meza hadi dirishani penye mwanga, nikapanga kila kitu kuanzia nilipokaa mimi. Nikala vizuri. Nilipomaliza nikainua uso nimwombe mume wangu maji, macho yakakuta ukuta.