Tripu Kumi na Mbili

Sitaficha. Nilimwonea wivu Mwanvua tangu wiki yake ya kwanza kazini, na chanzo chenyewe kilikuwa shimo la taka.

Kampuni yetu ndogo ya ujenzi inakarabati vipande vya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Mkuu wetu wa kazi, Mzee Lupakisyo, ana desturi ambayo sijaiona kwingine. Tukifika mahali, kabla mtu hajatoa tepu wala kuwasha kompyuta, anagawa vipande vya karatasi. Kila mtu anakadiria kwa macho: mtaro huu utachukua siku ngapi kuchimbwa, tuta hili litakula tripu ngapi za kifusi. Unaandika namba, unakunja, unampa. Kisha kazi inapimwa, naye anasoma karatasi zote kwa sauti, madereva wa tipa wakisikiliza. Husema injinia asiyeweza kukadiria atadanganywa hata na mashine yake.

Mimi ndiye injinia. Nina shahada, miaka kumi na mmoja kazini, na muhuri wenye jina langu, Generoza, lililozungushiwa duara la wino wa bluu. Mwanvua ni fundi sanifu, ana stashahada na umri wa miaka ishirini na sita, amekulia Kidete ambako babake, Mzee Mwinshehe, alikuwa akipakia mabehewa ya reli. Wiki hiyo ya kwanza tuliulizwa shimo la zamani la taka nyuma ya yadi yetu ya Mabwerebwere lijazwe kwa tripu ngapi. Niliandika arobaini. Mwanvua alilizunguka mara moja huku midomo ikimchezacheza, akaandika kumi na tisa. Lilijaa kwa kumi na nane.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema Mzee Lupakisyo, na madereva wakacheka wakinitazama mimi. Nikacheka nao, lakini kwa meno tu. Jioni ugali ulinishinda.

Basi ikawa kila karatasi ikisomwa, yeye yuko karibu na mimi niko mbali. Madereva wakaacha kuniuliza, wakawa wanamuuliza yeye. Hata salamu yake ilinikera. Kila asubuhi aliinama kidogo, "Shikamoo dada Generoza," bila kejeli yoyote, na laiti angenikejeli ningepata sababu ya kumchukia kwa raha. Nilimwitikia marahaba kwa shingo upande.

Ningeweza kuvumilia, kama si Mikumi. Mzee Lupakisyo alikuwa anastaafu Juni, na ilijulikana kwamba atamchagua mtu wa kuongoza kambi mpya ya Mikumi. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeshachagua hata nyumba ya kupanga kule. Halafu siku moja nikamsikia Mzee akimwambia dereva mmoja, Samson, kwamba mtu wa Mikumi lazima awe na jicho, maana kule mambo huamuliwa ukiwa umesimama.

Nikaamua nami nitakuwa na jicho.

Ratiba ya wiki niliipanga mimi, kwa hiyo nilijua Jumatatu tutasimama wapi. Jumapili nikitoka misa nilivua viatu vya kanisani, nikapanda bodaboda, nikaenda huko peke yangu na tepu. Nilipima urefu, upana na kina, nikarudi nyumbani nikakokotoa mpaka nukta. Kesho yake nilisimama kando ya barabara, nikakunja uso kama ninayewaza, nikaandika namba ya kweli baada ya kuiongeza moja au kuipunguza mbili, ili isinuke.

Jumatatu ya kwanza nilimshinda Mwanvua. Ya pili pia. Ilipofika katikati ya Machi madereva walikuwa wamerudi kwangu, na Mzee Lupakisyo alinipiga bega akasema kumbe nilikuwa nimelala tu. Wizi mtamu kama huo sijauonja tena.

Mwanvua hakununa. Alinifuata wakati wa chai akaniuliza, "Dada, unafanyaje? Mimi naona kama macho yangu yamepungua."

"Ni uzoefu tu, mdogo wangu," nikamjibu, na nikampa andazi.

Tangu hapo nikaona ameanza kuandika polepole. Anaandika, anafuta, ananitazama, anaandika tena. Namba zake zikaanza kweli kuharibika. Niliyaona hayo yote na yalinifurahisha. Nayasema hivyo kwa sababu ndivyo yalivyokuwa.

Mwezi wa Aprili mvua ya usiku kucha ilikata barabara mbele kidogo ya kijiji cha Ulaya. Hilo halikuwa kwenye ratiba yangu. Tulifika saa tano asubuhi tukakuta kalvati limekwenda na maji pamoja na tuta lote juu yake, na mahali pake pana pengo jekundu linalotiririka matope. Upande wa pili walikuwa wamekwama watu wa mabasi mawili, na gari la zahanati lililokuwa na mama mjamzito aliyeshindwa kujifungua tangu alfajiri. Upande wa milimani mawingu yalikuwa yanajikusanya upya. Mzee Lupakisyo alisema tutaweka mabomba machache chini yapitishe maji, juu yake tujaze mawe na kifusi, na lazima tufunge kabla ya saa kumi na moja. Tukifika nusu mvua ikatukuta, itabeba na hiyo nusu.

Tulikuwa na tipa sita. Kwenda machimboni na kurudi ni saa nzima. Tipa nne zilikuwa zinasubiriwa kwenye daraja jingine lililoanza kulegea, na Mzee alitaka kujua kama anaweza kuziachia.

"Karatasi," akasema.

Nilitazama lile pengo. Miezi miwili ya kuibia majibu haikuwa imenifundisha kitu. Nilikuwa naona matope na watu, namba sioni. Wote walikuwa wananisubiri mimi. Nikaandika kumi na mbili, kwa sababu ndiyo namba iliyokuja, nikakunja.

Mzee Lupakisyo alisoma yangu kwanza. "Kumi na mbili. Tipa mbili kwa saa sita zinatosha." Akafungua ya Mwanvua. "Naye kumi na mbili. Samson, ongoza wenzako watatu mwende darajani."

Injini zikawashwa. Yangu ilikuwa ya kubahatisha, yake ilifananaje nayo? Nilimnyang'anya Mzee ile karatasi ya Mwanvua. Ilikuwa imeandikwa thelathini na mbili, ikakatwa kwa mistari mitatu, na chini yake kumi na mbili.

"Mbona umekata?" nikamuuliza.

"Nilichungulia yako, dada. Nisamehe. Siku hizi wewe unaona kuliko mimi."

"Thelathini na mbili uliipataje?"

"Nimepiga hatua, ni kama mita kumi na mbili. Barabara upana saba. Nimesimama ndani, kina ni kama mimi mara mbili, tuseme mita tatu. Inakuja mia mbili hamsini na kitu. Tipa inabeba kumi, basi ishirini na tano. Halafu robo ya kushindiliwa na kupotea majini."

"Na kama umekosea?"

"Nitakosea kwa tripu tatu, nne. Siwezi kukosea kwa ishirini." Kisha akajirudi upesi. "Ila sijui, dada. Wewe ndiye mzoefu."

Tipa ya kwanza ilikuwa imeshageuza. Nilijua kwamba nikisema namba imebadilika bila kutoa sababu, Mzee Lupakisyo atauliza, na Mwanvua atanitetea mimi dhidi yake mwenyewe. Nikasimama mbele ya tipa ya Samson na mikono juu.

"Mzee, tipa zisiondoke. Ya Mwanvua ndiyo sahihi, ile aliyokata. Zangu zote tangu Februari nilikuwa nakuja kupima Jumapili kwa tepu."

Hakuna aliyecheka. Mzee Lupakisyo alinisogelea.

"Zote?"

"Isipokuwa ya leo."

Akapokea karatasi kutoka mkononi mwangu, akaisoma ile thelathini na mbili iliyokatwa, akawaambia madereva, "Sita zote machimboni. Daraja litasubiri."

Tulimwaga tripu ya thelathini na tatu saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Gari la zahanati likapita kwanza, likiyumba, likashika njia ya hospitali. Mvua ilitukuta tunakusanya vifaa. Tuta likakaa.

Kambi ya Mikumi akapewa Mwanvua. Nilimpa mkono wa hongera na roho iliniuma pale pale nilipokuwa nimeushika ule mkono. Nilidhani nikisema ukweli wivu utaondoka, kumbe ni mambo mawili tofauti. Nami nikapangwa huko huko Mikumi, chini yake.

Juma la kwanza tulisimama kwenye korongo lililohitaji kujazwa, na Mwanvua akagawa karatasi kama alivyofundishwa. Kisha akashika kalamu asiandike. Alikuwa anauangalia mkono wangu. Bosi mzima, mbele ya madereva, anangoja nianze. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia.

Sikukunja karatasi yangu. Nilikadiria kwa macho yangu mabovu, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaiinua juu kila mtu aione: themanini.

Madereva walicheka mpaka Samson akashika tairi. Mwanvua naye akacheka, akainama, akaandika yake bila kunitazama tena. Ilikuwa ishirini na sita, na iliniuma, kwa sababu nilijua ni sahihi.