Sumaku ya Odera

Mashine yetu ya kukereza chuma haina jina la kampuni. Tuliiunda wenyewe, mimi na Odera, hapa mtaani Lucky Summer, kwa vipande vya chuma chakavu, mota ya mashine ya kufulia nguo na skrubu moja ndefu tuliyoiokota sokoni Gikomba. Skrubu hiyo inacheza. Unazungusha usukani, alama zinasogea, lakini kisu kimelala pale pale mpaka nati ishike. Hilo si la kuonea aibu, hata mashine za viwandani hucheza kidogo. Aibu ni kujua inacheza halafu ukapima kana kwamba haichezi.

Dawa yake ni rahisi. Ukipitisha alama, unarudisha usukani mzunguko mzima, kisha unakuja tena polepole kutoka upande ule ule. Odera hana subira hiyo. Akipitisha, anarudisha tu mpaka alama imwangalie vizuri, na kisu hakijasogea hata unywele. Anakata hivyo hivyo, na kazi inatoka nyembamba. Hapo anachukua kopo la soda, anakata ukanda, anauzungushia kitu chenyewe, anakigonga kwa nyundo mpaka kikaze, kisha anamkabidhi mteja huku akitabasamu. Kopo naweza kulivumilia. Lile tabasamu ndilo linalonitia kinyaa.

Wiki jana Maurine alituletea mashine yake ya kusaga njugu. Maurine hutengeneza siagi ya njugu karanga, na wanaoinunua zaidi ni akina mama wanaoitia kwenye uji wa watoto. Bushi, yaani ile pete ya shaba inayoshika shafti isiyumbe, ilikuwa imelika. Siku hiyo mimi nilikuwa nimeenda kutafuta chuma, kwa hiyo Odera ndiye aliyemkerezea nyingine. Maurine alifurahi hata kesho yake akamletea mkebe mzima wa siagi ya kwanza kusagwa, kama shukrani, na Odera akaupeleka nyumbani.

Jana Maurine alirudi na mashine ndani ya mkokoteni na ndoo mkononi.

"Odera, onja hii kitu," alisema. "Inalia kwa meno."

Odera hakuonja. Nilionja mimi. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, kama maji yaliyofuliwa soksi, na ulimini iliacha ladha ya sarafu. Kitu kikasagika kwenye jino. Nikaitema yote mlangoni.

"Huo ni mchanga," Odera akasema. "Njugu za siku hizi zinaanikwa chini. Pepeta vizuri, Maurine."

"Nimepepeta na mikono yangu. Niko na oda ya shule ya chekechea leo mchana. Niambie ukweli, nipeleke ama nimwage?"

Odera akatungua sumaku yetu kwenye msumari, ile kubwa tuliyoitoa kwenye spika. Akaichovya ndani ya ndoo, akakoroga, akaitoa na kuipangusa kwa kidole gumba. Haikuwa imeshika kitu.

"Umeona? Kama kungekuwa na chuma ingeshika. We peleka tu, watoto wale."

Maurine akashusha pumzi, akaanza kuifunika ndoo.

Sumaku hiyo ina kazi moja tu kwetu. Kila jioni tunaipitisha juu ya takataka za mashine. Vumbi la chuma linapanda, la shaba na la makopo linabaki mezani, tunaliuza kando. Anayeishika ni Odera, kila jioni, kwa mkono ule ule. Angekuwa hajui ningemsamehe. Alijua vizuri, na bado alikuwa tayari kuwalisha watoto wa watu kopo ili asiseme kwamba alikosea kipimo.

"Usifunike," nikamwambia Maurine.

Nilichukua spana nikafungua mashine yake. Bushi ilizunguka kwa kidole changu kama pete ya mtu aliyekonda. Nyuma yake nikatoa kipande chekundu cha kopo, kimetafunwa, nusu yake haipo. Nikakiweka mezani, nikakigusisha sumaku, nikainua. Kipande kikabaki mezani. Nikarudia polepole Maurine aone, halafu nikafanya vivyo hivyo kwa bushi. Nayo ikabaki.

Maurine akamgeukia Odera. "Kwa hivyo ulikuwa unajua."

"Ni kidogo tu hiyo," Odera akasema. "Haiwezi kuua mtu."

"Na ule mkebe nilikupea? Watoto wako bado wanakula?"

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Akatoa simu, vidole vimejaa grisi, ikakataa kufunguka, akavipangusa kwenye suruali, akajaribu tena. Nami, mjinga mimi, nikadhani angalau atamwambia mkewe ukweli.

"Phelister," alisema, "hiyo siagi usiwape watoto tena. Mwaga yote. Maurine alitumia njugu mbovu."

Aliyasema hayo Maurine akiwa amesimama karibu naye kiasi kwamba ndoo ilikuwa inamgusa mguu.

Maurine akanyoosha mkono, akaichukua ile simu. "Phelister, ni Maurine. Njugu zangu hazina shida. Bwana yako aliweka kopo la soda ndani ya mashine yangu, ikasagika. Angalia watoto. Acha mimi nipigie wale wengine."

Alimrudishia simu bila kumtazama. Akaketi juu ya tairi kuukuu, akatoa yake, akaanza kuwapigia wateja mmoja mmoja akiwaambia wamwage. Alianza na ile shule, akaiambia oda haiji.

Mimi nikafunga kipande kipya cha shaba kwenye mashine yetu ya kukereza. Odera akaja kushika usukani, eti anisaidie. Nikamwambia autoe mkono wake hapo, na asiurudishe tena.