Sitaha ya Kuazima

Nguo ya kuazima haisitiri maungo, sembuse meli. Larralde aliyajua hayo, lakini angefanyaje? Manowari yao Waajentina, ile ya kubeba ndege, ilishakokotwa kwenda kukatwa vyuma chakavu. Basi kila mwaka walibisha hodi kwa Wabrazili, marubani wao watue kwenye sitaha ya jirani, ujuzi usife.

Safari hii walikuja watatu. Wawili walishindwa asubuhi. Alibaki Luteni Ibarzábal, angani, na mafuta ya kujaribu mara mbili. Naye akishindwa, kikosi hakina hata rubani mmoja wa kutua melini, na wakubwa huko Buenos Aires walikuwa wanatafuta sababu tu ya kukifunga.

Larralde, mwongozaji wake wa kutua, alisimama ukingoni mwa sitaha na redio mkononi. Nyuma yake mabaharia wa Kibrazili walijaa kama wamekuja kwenye mechi.

"Kaka," Teixeira, mwongozaji mwenzake wa Kibrazili, alimchokoza, "huyo anajua kutua au anajua kucheza tango tu?"

"Funga domo! Mpira tunawafunga, na hili mtaliona."

Ndege ikashuka, imenyooka vizuri. Magurudumu yakagonga sitaha. Hapo Larralde akasikia: injini ilikuwa inanyamaza.

Melini, ukigusa tu, unaongeza nguvu zote, maana ndoano ya mkiani ikikosa waya uliokingamishwa sitahani kuinasa ndege, lazima uruke tena. Lakini miaka minne, akingoja zamu yake ya kuja melini, Ibarzábal alifanyia mazoezi nchi kavu, kwenye sitaha iliyochorwa kwa rangi juu ya lami. Huko ukigusa unapunguza. Mkono ukafuata mazoea. Ndoano ikakosa waya.

"Nguvu! Nguvu! Nguvu!"

Injini ikanguruma, imeshachelewa. Ndege ikavuka ncha ya meli, ikazama wasiione. Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akapiga ishara ya msalaba. Kisha ikaibuka mbele kule, nusura ilambe mawimbi.

"Mzee wangu," Ibarzábal aliita redioni, "kosa nimelijua. Nipe moja tu."

"Mpe, kaka," Teixeira alisema, mzaha umemtoka. "Waya uko tayari."

Larralde alibonyeza redio. "Kichwa kimejua. Mkono je?"

"Mzee, nikiondoka tumekwisha."

"Najua, mwanangu. Nenda pwani ukatue."

Alibaki amesimama palepale mpaka uwanja wa pwani ulipojibu kwamba rubani kafika salama. Ndipo akaomba kalamu, akaandika kwenye ripoti ya Buenos Aires: hakuna aliyefuzu.