Mji wa Mwisho ni Ngosi

Usingizi haumchukui Atuganile mara moja. Unamzungukazunguka kwanza, kama mgeni asiyejua mlango uko upande gani. Amekaa mkekani katika chumba cha marehemu baba yake, picha zimetapakaa pande zote, na nje wanawake wanamenya ndizi za msiba. Maziko ni alasiri hii. Msalaba umepakwa rangi, fremu imefutwa vumbi, kinachokosekana ni picha ya kuweka juu ya jeneza. Mzee Ambokile alipiga picha maisha yake yote, akiwapeleka wageni na maharusi kila penye kitu cha kutazamwa, na katika picha zote hizo yeye mwenyewe hayumo. Shangazi Sekela amechungulia mlangoni na kusema, tafuta, mwanangu, ama watu wamlilie nani, ubao? Atuganile anatafuta, na kuna jambo hajamwambia mtu. Ugonjwa uliuvimbisha uso wa baba yake, na ule uso wa zamani, wa kicheko, haumjii tena. Kila akifumba macho anaona uvimbe tu. Anafumba tena.

Mkeka unakuwa nyasi, nyasi zinakuwa maua. Yuko Kitulo, na maua meupe na ya manjano yanakwenda hadi macho yanapochoka, halafu yanaendelea, na katikati yake ipo njia, na njia inazaa njia. Mbele yake anatembea mtu mwenye koti refu. Shikamoo, anasema Atuganile. Marahaba, mtu anaitikia akigeuka, na mahali pa uso hapana kitu, pamelainika kama yai. Atuganile haogopi, anaona tu kwamba si adabu kuuliza. Anasema, natafuta uso wa baba yangu. Mtu anasema, kitendawili. Tega, anajibu Atuganile, kwa mazoea ya utotoni. Wote hunitazama, hakuna anionaye. Jua, anasema Atuganile. Silo. Basi Mungu. Mtu anacheka, usimsumbue Mungu kwa vitu vidogo, binti, umeshindwa, nipe mji. Na kwa kuwa anayeshindwa hutoa mji, ndivyo mchezo ulivyo, Atuganile anatoa ule alioukanyaga, chukua Kitulo. Nilikwenda Kitulo, mtu anajigamba, nikalala juu ya maua, nikaamka nanukia kuliko bibi harusi. Na Kitulo inakunjwa, ua kwa ua, kama kanga iliyoanuliwa, inaingia mfukoni mwa koti, na mahali ilipokuwa inabaki njia tupu.

Njia inawateremsha hadi Daraja la Mungu, mwamba uliojipinda juu ya mto Kiwira bila mkono wa fundi. Maji yanapiga kelele na kelele haifiki. Juu ya mwamba wamesimama maharusi wote wa baba yake, wametabasamu, wanatazama mahali pamoja bila kupepesa, na Atuganile akiyafuata macho yao anakuta hewa. Mnamtazama nani? Bibi harusi mmoja anajibu bila kusogeza midomo, tuache, dada, tumeambiwa tusijitikise mpaka amalize, na huyu bwana wangu ameshaanza kuwashwa pua. Kitendawili ni kile kile. Kioo, anasema Atuganile. Sicho, nipe mji. Daraja linaingia mfukoni pamoja na mto wake, maharusi wanapeperuka kama majani makavu. Wanafika Mbozi, kwenye kimondo, lile pande jeusi la chuma lililoanguka kutoka juu, na katika ndoto bado lina joto, kama chungu kilichoepuliwa. Nyota, anasema Atuganile. Siyo, nipe mji. Anatoa kimondo, na koti linaning'inia upande mmoja kwa uzito. Angalia, binti, mtu anasema, na sasa sauti yake haina mzaha, umebakiwa na mji mmoja. Ukiutoa na huo, huyo baba yako utamsimamisha wapi?

Mji wa mwisho ni Ngosi. Wanapanda msituni, wanapanda kwa muda usiopimika, kisha miti inaachana na chini yao kuna ziwa, limetulia ndani ya shimo la mlima. Ndani ya maji upo mji uliopinduka. Atuganile anainama, anaona migomba inaning'inia, anaona uani kwao, wanawake na visu vyao, na fremu tupu. Wote wanatazama juu, kwake, wametulia vile vile kama wale wa darajani, wanangoja. Anaelewa polepole, kama anavyoelewa kila kitu. Mwenye kamera, anasema. Wote humtazama, hakuna amwonaye. Ni wewe, baba.

Mtu anavua koti. Umechelewa, anasema, hukuwa mwepesi wa vitendawili hata ulipokuwa mdogo. Simama hapo mbele ya ziwa nikupige picha, anasema Atuganile. Mimi nikienda mbele, nani atakaa nyuma? Anayepiga haonekani, binti, ndiyo kazi yenyewe, usije ukasema hukuambiwa. Nitakaa mimi, anasema Atuganile. Baba anavua kamera shingoni, anampa, anarudi nyuma hadi ukingoni. Jua liwe mgongoni kwako. Usiikabe hivyo, si kuku hiyo! Na wakati anamtania, uso unakuja, kwanza ndevu, kisha pengo la meno, kisha lile jicho la kushoto lililobaki dogo kwa kufumbwa miaka yote, na ndicho kile kicheko, hakina uvimbe, hakina maumivu. Atuganile anafumba jicho lake la kushoto. Anabonyeza.

Shangazi Sekela anaingia na nuru ya mlango. Atuganile amekaa pale pale mkekani, fremu iko mbele yake, si tupu tena. Shangazi anaiokota, anaitazama, anakaa chini taratibu. Jamani, amepatikana! Wanawake wanaingia na visu mikononi. Mmoja anasema, lile jicho lake, hebu oneni. Mwingine anasema, ziwa limepinda kidogo, lakini ndiye, ndiye kabisa. Kilio kinapanda, kilio cha kumlilia mtu, na Atuganile analia pamoja nao. Kisha shangazi anafuta macho kwa kanga, anatazama mkekani, anatazama pembe zote za chumba. Na huyu mtoto kaenda wapi tena? Mwiteni, aje apewe asante. Nipo hapa, shangazi, anasema Atuganile, na hajui amesema akiwa upande gani wa picha, maana wanawake wanampita wakitoka, hakuna amwonaye, na kutoka migombani anasikia jina lake likiitwa, kwa upole, na kuitwa tena.